Arobaini ya Mguu

Maneno nisiyoyapenda kuliko yote yanayosemwa hospitalini ni mawili tu: "Wagonjwa hawasikii." Nimeyasikia tangu siku ya kwanza nilipovaa sare ya uuguzi, na kila nikiyasikia hunipanda hasira. Mtu ametoka shamba alfajiri, amekaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, ameitikia "naam" kwa kila aliloambiwa, halafu akirudi na kidonda kimeoza sisi tunasema hasikii. Mimi naona mara nyingi tatizo liko kwa msemaji. Na kwa kuwa sikuumbiwa kunyamaza, nilikuwa nikiyasema hayo mbele ya wakubwa, na wakubwa walishanizoea.

Nafanya kazi katika kliniki ya sukari hapa mjini Unguja. Miaka michache iliyopita tulianzisha utafiti wetu wenyewe, mdogo, usio na wageni wala magari yenye nembo mlangoni. Swali lilikuwa moja: kwa nini wagonjwa wetu wanakatwa miguu, na tufanye nini wasikatwe?

Anayeishi na sukari muda mrefu miguu yake hufa ganzi. Anakanyaga kombe la baharini au mwiba asijue. Kidonda kinaanza kimyakimya, na kwa kuwa hakiumi, mwenyewe hana habari nacho mpaka kianze kunuka. Akifika kwetu hapo, daktari wa upasuaji hana la kuchagua. Kijijini wanamuona alikwenda mjini na miguu miwili amerudi na mmoja, wanajua basi kwamba hospitali ndiko kunakokatwa watu. Wa pili akipata kidonda anakificha, anachelewa kuliko wa kwanza, naye anakatwa. Ndivyo mambo yalivyokuwa yakizunguka, mwaka nenda mwaka rudi.

Tulianza na jambo dogo mno. Zamani tulikuwa tukimuuliza mgonjwa, "Miguu vipi?" naye anajibu, "Alhamdulillah," tunampa dawa anakwenda zake. Tukasema sasa hatuulizi, tunaangalia. Kila mgonjwa, kila anapokuja, aweke miguu juu ya kigoda, muuguzi aione juu, chini, na baina ya vidole. Daktari wetu mkuu ni mtu mwema lakini ana haraka ya mtu anayewahi futari. Aliponisikia alishika kichwa.

"Watu wamejaa mpaka nje, na wewe unataka kuanza kuwavua viatu?"

"Viatu wanavivua wenyewe mlangoni, daktari," nilimwambia. "Sisi tumebakiwa na kuangalia tu."

Akacheka, akakubali tujaribu. Waliotupa tabu ni bibi zetu. Mwanamke mtu mzima hataki mtu amshike mguu; anauvuta chini ya baibui na kukuambia umpe heshima yake. Mimi nilikuwa nikikaa chini mkekani kabisa, naweka kitambaa mapajani, na kumwambia kuwa mama yangu alipokuwa hai miguu yake nikiikanda mimi, basi na yeye asininyime thawabu. Hakuna aliyeninyima. Uuguzi nimesomea, lakini hilo halikuwemo vitabuni.

Mama yangu ameshatangulia mbele ya haki. Aliyenibakia ni mdogo wake, mama mdogo, anayekaa shamba, kijiji cha Uroa, na kulima mwani. Yeye ndiye aliyenisomesha kwa mwani huohuo, na yeye ndiye mgonjwa wangu mkaidi kuliko wote. Ana sukari tangu mimi bado msichana. Vidonge anameza, lakini mambo mengine yote huyaona ni maneno ya mtoto aliyemlea.

Baada ya Idi moja alikuja kliniki na pweza mkavu aliyemfunga kwenye gazeti, zawadi yangu. Siku hiyo ukumbi mzima ulikuwa ukinukia udi, na kila mguu wa mwanamke uliopanda kigodani ulikuwa na hina. Na hina ya Idi kwetu haipakwi kwa ncha ya kidole. Nyayo zote huzama, vidole vyote, mpaka rangi inakoza na kuwa nyeusi. Mwenzangu mmoja aliiangalia miguu ya mama mdogo, akasema ni mizuri na hina imemkolea, akamruhusu aende dirisha la dawa. Hakukosea kwa uvivu. Aliangalia kweli, na alichokiona ni hina.

Mimi nilimwita nimsalimie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda? Huli huko Kiembe Samaki?"

Nikakaa chini na kuichukua miguu yake mapajani, zaidi kwa kumtania kuliko kwa kazi. Nina mazoea ya kupapasa kwa mgongo wa mkono, vile mama anavyompima mtoto homa. Mguu wa kulia ulikuwa baridi kama ngozi ya kawaida. Wa kushoto ulikuwa unawaka. Nikarudia, nikidhani mkono wangu umenidanganya. Kisha nikainama, na chini ya ule udi nikasikia harufu ninayoijua vizuri kuliko ninavyopenda. Nikakibonyeza kidole cha mwisho. Hakutikisika.

"Mama, hapa huumwi?"

"Mie? Siumwi na kitu. Huo ndo mguu wangu mzuri kupita wa pili. Hata nikanyage kombe hausikii."

Kidole kilikuwa kimekufa. Kilikuwa cheusi ndani ya weusi wa hina, na kando yake, upande wa unyayo, palikuwa na tundu linalotoa maji. Aliipaka hina mwenyewe usiku wa kuamkia Idi, akapaka juu ya kidonda, na hakusikia hata mwasho. Mimi nimeshika miguu mingi, lakini huo ulikuwa wa mama yangu.

Jioni ile ile tuliongeza jambo katika utafiti wetu: jicho halitoshi, kila mguu upapaswe, na moto wa mmoja ulinganishwe na wa mwenziwe. Tukaongeza na la pili, tuwaombe wanawake wenye sukari waache hina ya miguuni, wapake ya mikononi tu. Kumwambia mwanamke wa Unguja aache hina ni kutafuta ugomvi, na ugomvi tuliupata.

Daktari wa upasuaji alikiondoa kidole na kukisafisha kidonda. Akatuita pembeni, mimi na binti yake mama mdogo, anayefanya kazi ya kutandika vitanda katika hoteli moja ya pwani kwao.

"Mfupa wa mguu bado mzima," alisema. "Mguu tunaweza kuuokoa. Lakini kidonda hakitapona akikikanyagia. Mguu asiutie chini kabisa, mpaka kifunge. Kikirudi nyuma, tutakata hapa." Akagusa chini ya goti lake mwenyewe.

Nilimweleza mama mdogo neno kwa neno, wala sikupunguza. Alinisikiliza, akaitikia, "Inshaallah." Ilikuwa inshaallah ya mtu asiyetaka kukuvunjia heshima kwa kukukatalia usoni. Niliijua, kwa sababu mimi mwenyewe naitumia ninapoalikwa harusi za mbali.

Aliporudi Uroa, habari ilimtangulia. "Wameshaanza na kidole," watu walisema, kana kwamba hospitali hula mguu kidogo kidogo kama anayekula muwa. Na yeye mwenyewe nadhani aliamini hivyo. Bamvua lilipoingia, maji yalipotoka mbali na wanawake wote wakashuka kwenda kufungua mwani, mama mdogo aliufunga mguu kwa mfuko wa plastiki akashuka nao. Binti yake alikuwa kazini, nani wa kumzuia? Alipokuja kufungwa bandeji nyingine, pamba ilikuwa imerowa na pembeni ya kidonda pamekuwa peupe. Aliapa kuwa alikwenda mara moja tu, kufungua kamba mbili, na kwamba maji ya chumvi ni dawa ya vidonda tangu enzi za bibi zake.

Daktari wa upasuaji hakugomba. Ingekuwa afadhali agombe. Alisema kwa upole kwamba akija mara nyingine katika hali hii, itabidi wazungumze habari nyingine.

Nilikwenda kwa daktari wetu mkuu kuomba ruhusa niende Uroa, naye kwa haraka zake akaniambia, "Nenda, lakini unajua ilivyo. Wagonjwa hawasikii." Nilimjibu kuwa huyu ananisikia vizuri sana, hana namna ya kunitii tu. Na njiani kwenda Uroa nikawa najiuliza maneno yangu mwenyewe. Kwa nini hana namna?

Nilimkuta amekaa kizingitini anafunga kamba za mwani, mguu wenye bandeji ameukunja chini yake. Tuligombana, na tuligombana hasa. Nilimwambia nitamfungia ndani. Akaniambia nimfungie nani, yeye ndiye aliyeniogesha. Nilimuuliza kama anataka kukatwa. Hapo sauti yake ikashuka.

"Sitaki, mwanangu. Usiku silali kwa kufikiri. Lakini nkae kitandani mchana, watu wanapita, nnasema nini? Huyu anapika, yule ana mwani wake, mie nimejilaza? Mwanamke wa hapa halali mchana ila kafa au kazaa."

Nyumba ya pili mtoto mchanga alikuwa akilia. Mkwe wa nyumba ile alikuwa amejifungua, yuko ndani ya arobaini yake. Tangu nimefika nilikuwa nikiwaona wanawake wanaingia na sufuria na kutoka na nguo za kufua, na mwenyewe mzazi amelala kitandani, haguswi na jua, haulizwi na mtu kwa nini hajafagia. Siku arobaini nzima. Hakuna mwanamke kisiwani humu aliyewahi kuitwa mvivu kwa kukaa arobaini. Akiivunja ndipo husemwa.

"Basi mama," nilimwambia, "zaa."

Alinitazama kuona kama nimeingiwa na wazimu.

"Umetolewa kitu mwilini, umeshonwa, una kidonda kinachotaka kufunga. Tofauti yako na yule wa nyumba ya pili ni kuwa yeye kapewa mtoto. Kaa ndani arobaini. Mguu ndo mtoto."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa kanga, na katikati ya kicheko nikamuona anafikiri. Haikuwa tena habari ya daktari na amri zake. Hii alikuwa anaijua. Alishaikaa mara kadhaa katika maisha yake, na alishawakalisha wengine. Akaniambia nimwitie jirani yake, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, ambaye ndiye mkandaji wa wazazi wote wa upande ule.

Jirani alisikiliza, akamtazama mama mdogo kichwani mpaka miguuni. "Uzee huu," alisema, "na bado unatupa kazi." Kisha akageuka kwangu. "Arobaini kamili? Haya. Na ntakayemkuta kamtoa nje, atanijua."

Mambo waliyoyafanya wanawake wale nisingeweza kuyaandika katika mpango wowote wa kazi. Kitanda kilisogezwa karibu na dirisha. Waligawana kamba zake za mwani, kila bamvua mmoja anamfungulia na kumwanikia. Aliyekwenda kisimani alileta na maji yake. Chooni alipelekwa kwa kushikwa mabega huku na huku, mguu ukiwa juu. Uji wa pilipili manga ulikuja kila asubuhi, nami nikaweka sharti moja, usitiwe sukari, jambo lililowaudhi wapishi. "Mzazi gani huyu anakunywa uji mkavu," walisema. Wageni walikuja kumuona mtoto kama ada ilivyo. Walikaa kitandani, wakauliza kafanana na nani, na mama mdogo akawajibu kuwa kafanana na baba yake, analala mchana kutwa na haulizwi. Bibi mmoja alimletea mtoto soksi. Nimeona wadi nyingi zenye mashine na hewa baridi, lakini mgonjwa aliyetunzwa namna ile sijamuona, na nilijivuna wazi, siku nzima nikawahadithia wenzangu kliniki.

Nilijivuna mapema kidogo. Siku moja nilifika na bandeji zangu bila ya kutoa habari, nikasikia harufu ya majani tangu nje. Uani palikuwa na sufuria kubwa inafuka moshi. Chumbani mama mdogo alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, bandeji imefunguliwa, mguu ameunyoosha juu ya beseni, na jirani anamimina maji humo. Mzazi hukandwa na maji moto. Hiyo ni sehemu ya arobaini tangu dunia kuumbwa, na yeye alikuwa anaifanya kazi yake kwa moyo mweupe. "Tia tu," mama mdogo alikuwa akisema, "mie mguu huu siusikii moto."

Nililivuta beseni na kuyamwaga maji yote mlangoni. Mbele ya mtu mzima, ndani ya nyumba ya watu, mimi nimemwaga maji ya mkandaji.

"Umemwaga maji yangu," alisema jirani, taratibu.

"Nimeyamwaga, mama, na samahani nakutaka. Yamebaki kwenye sufuria. Tia kidole."

Alinikazia macho, kisha akaenda uani akatia kidole, akakitoa hapohapo na kukipuliza.

"Wewe umekitoa," nilimwambia. "Mguu wake haujui kujitoa. Ungeiva pale, na yeye anakuhadithia habari za harusi."

Alikaa juu ya kinu, anakiangalia kidole chake, na mimi nilijua kuwa akiondoka kwa hasira arobaini yote imekwisha, maana wengine wote walikuwa wakimfuata yeye. Baada ya muda alisimama akachukua kitambaa chake.

"Basi mgongo ntamkanda," alisema. "Mgongo unasikia."

Na alimkanda mgongo mpaka siku ya mwisho. Mimi nikarudi kliniki na sharti jingine: mila yote ikae kama ilivyo, ila maji moto yasishuke chini ya kiuno.

Kidonda kilianza kuwa chekundu, wekundu mzuri wa nyama iliyo hai. Kisha kikaanza kujikusanya kutoka pembeni. Daktari wa upasuaji alipouona mguu aliuinua kwenye mwanga, akaugeuza, akaniuliza tunampa dawa gani ambayo yeye haijui.

"Zilezile zako," nilimwambia. "Ila amezaa."

Ilinibidi nimweleze mara mbili.

Tulipokutana kuzungumza matokeo ya utafiti, katika chumba cha ghorofani chenye feni moja inayofanya kazi, nilisimama nikaisimulia habari yote. Mmoja wa waalikwa wetu siku hiyo, msomi mwenye tai, aliuliza kwa adabu kama tunakusudia kuandika kwenye ripoti kuwa tiba yetu ni kumlaza bibi wa watu kama mzazi. Nilijibu kuwa nakusudia kuandika hivyohivyo. Tumekuwa tukiwaambia watu "pumzisha mguu" kwa miaka, neno zuri kabisa la kitabibu, na hakuna nyumba hata moja shamba wanamojua kulitekeleza. Arobaini wanajua. Nani anapika, nani anafua, nani anamkemea mzazi akitia mguu nje, yote yamo, hayahitaji semina. Kabla hajanijibu, daktari wetu mkuu, yule mwenye haraka, alisimama. Nilidhani anataka tumalize. Akasema kwamba kwa miaka mingi alikuwa akisema wagonjwa hawasikii, na kwamba leo anaomba swali liandikwe upya. Tusimuulize mgonjwa kama ameelewa. Tumuulize: kwenu mtu huruhusiwa lini kulala mchana bila ya kusemwa? Nilitamani kumkumbatia, lakini ni kazini.

Swali hilo tunaliuliza mpaka leo. Wanawake wengi hujibu vilevile alivyojibu mama mdogo. Wanaume walitusumbua. Mzee mmoja wa Mtoni nilipomgusia arobaini aliniuliza kama namwona yeye ana matiti. Lakini yeye mwenyewe, katika kulalamika, akasema kwamba mwanamume hukaa kitandani akiwa amevunjika tu. Tukamfunga plasta ngumu mpaka chini ya goti, na mtaa mzima ukamletea pole na machungwa, kwa kuwa mguu uliovunjika una heshima yake. Si wote waliopona. Wapo waliotufikia wakati umeshapita, na wapo tuliowakosea hesabu. Ila ile kazi naijua sasa ilivyo, na sioni haya kusema kuwa tumeijua vizuri.

Siku ya arobaini walimtoa mama mdogo kama anavyotolewa mzazi. Nyumba ilifagiliwa na kufukizwa udi, akavishwa kanga mpya, na jirani akatangulia mlangoni kumshika mkono. Kidonda kilikuwa kimefunga, kimebakia kitundu cha kutosha punje ya mchele, nacho kilifunga baadaye. Nilikuwa nimemletea, kwa ruhusa ya daktari wa upasuaji, viatu vizito vya kufunika mguu wote, vibaya kwa sura, ambavyo sharti avivae hata majini. Alivitazama kwa huzuni zaidi kuliko alivyokitazama kidole chake kilichokwenda. Kisha akavivaa, akatoka, akasimama juani kwa miguu yake mwenyewe. Nililia, na jirani akaniambia niache, mzazi haliliwi.

Idi iliyofuata alijipaka hina mikononi mpaka vifundoni. Miguu aliiacha mitupu. Alipoulizwa na wenziwe alisema kuwa mguu wake sasa ni wa kuangaliwa, si wa kupambwa, na wawili watatu kati yao wenye sukari wakamwiga, ingawa mimi nilipowaomba mwaka mzima walinijibu inshaallah.

Anakuja kliniki mpaka leo, na pweza wake. Juzijuzi alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mama mmoja mgeni, aliyeletwa na mwanawe kwa nguvu. Yule mama alikuwa amejikunyata, mguu mmoja ameuficha chini ya baibui, na kila nilipomkaribia alisema haumwi na kitu, amekuja kupima sukari tu. Harufu nilikuwa nimeshaisikia. Nilikaa chini mkekani kama kawaida yangu, nikamwambia habari za mama yangu na thawabu, na kwa mara ya kwanza maneno yangu hayakufanya kazi. Akanitazama usoni akaniuliza, "Mtanikata?"

Mama mdogo alivua kiatu kimoja, akavua cha pili, akainyoosha miguu yote miwili katikati ya ukumbi, mbele za watu, haina hina wala chochote, mmoja una vidole vitano na mmoja una vinne.

"Mie nlifika na mguu umeoza," alimwambia. "Nlizaa, nkakaa arobaini. Hesabu mwenyewe."

Yule mama aliiangalia kwa muda mrefu. Kisha akauvuta wake kutoka chini ya baibui, akaniwekea mapajani.